Kufuli

Miaka kumi na minne nimechora picha moja.
Majabali matatu, la juu limeegemea kama mlevi,
mnandi mmoja anayekausha mbawa,
jua la kiini cha yai, na ukanda wa mchanga
niliouchora mweupe kuliko ulivyowahi kuwa.
Rwegoshora wa duka la zawadi kule Kapri Pointi
aliziagiza kwa dazeni, kama vitumbua.
"Ongeza machweo," anasema. Naongeza machweo.
"Huyo mama na karai lake mtoe." Namtoa.
Mkono uliijua njia. Mimi nililala macho wazi.

Kisha ziwa likapanda.

Halikuja Igombe kwa kishindo. Lilikuja kama mdai mpole:
leo limeketi miguuni pa kichanja cha dagaa,
kesho limeomba mpera, keshokutwa choo cha jirani,
na magugu maji yakaingia mihogoni bila hodi,
yakachanua zambarau pale tulipokuwa tukipiga gumzo.
Wahenga walisema
maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Hawakusema ufanyeje
yanapokuja yenyewe kukuvulia mlango.

Nami nilifanya nini? Nilichora mchanga.
Nimesimama, maji yamefika magotini,
kopo la rangi limening'inia shingoni,
nachora mchanga kutoka kichwani,
mweupe, mkavu, dazeni nyingine.

Kabula aliingia kibandani siku ya mvua
(mvua ndiyo iliyompa jina),
beseni la furu wa kubanika amelifunika kwa nailoni.
Akautazama ukuta, nguo zikimchuruzika.
"Hii si nyumba yangu, hapa nyuma ya jabali?"
Ndiyo, nikasema. Doa la udongo mwekundu,
bati la mistari mitatu.
"Kumbe kwenye picha sijahama."
Akacheka, kicheko cha meno tu.
"Basi niuzie, nikaishi humo."

Usiku nikachukua buluu,
si ile ya dukani, yenye anga la kadi za posta;
ile iliyobaki baada ya kupaka mitumbwi,
nzito, ina nywele za brashi na wadudu wawili.
Nikaikoroga na masizi ya kibatari
mpaka ikafanana na maji ninayoyajua,
maji ya tope, ya mafuta ya injini,
maji yanayoosha vyombo na maiti.
Nikaipandisha juu ya mchanga.
Kuliniuma. Mchanga ule ulilipa ada ya shule ya Nkwabi.
Nikaipandisha hadi dirishani kwa Kabula, nikasimama.
Chini ya buluu mchanga bado ulionekana,
hafifu, kama hesabu ya jana ubaoni
iliyofutwa kwa kiganja.
Sikuufukia zaidi. Nao ulikuwepo kweli.

Rwegoshora aliitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Nani atatundika mafuriko sebuleni?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Mwezi ule tulikula dagaa kwa dagaa.

Nikampelekea Kabula huko Kayenze, chumba cha kupanga.
Akayagusa maji, kidole kikatoka na rangi
(haikuwa imekauka; siku hizi nina haraka).
Alichosema si ahsante.
"Umesahau kufuli."
Kufuli gani?
"Nilipoondoka nilifunga mlango. Nikatia kufuli."
Na ufunguo ulikuwa pale, kifuani pake,
kwenye uzi wa nyavu.

Miaka kumi na minne, sijawahi kuchora kitu
ambacho mtu angekuja kunidai.

Nikaliweka. Kitone cheusi, punje ya mtama,
chini kabisa ya maji.
Usipoambiwa, utadhani nzi alitua.

Juzi nimeteremka jabalini:
maji yamerudi nyuma vidole vinne,
yameacha mstari mweupe mwambani, kama chokaa.
Nimekwenda Kayenze na kisu cha kukwangulia.
Kabula amenifungulia, amesogeza jiko pembeni.
"Taratibu," amesema.
"Usiniguse kufuli."